Baraza ya Nyumbani: Mashua ya Kukodi na Karatasi ya Nahodha



Mwezi huu tumeletewa barua na bibi mmoja akaaye Uingereza, mzaliwa wa Mombasa, mama wa watoto watatu. Jina lake twalihifadhi kama alivyotutaka, na barua yake twaifupisha kwa maneno yetu. Asema kwamba mumewe amefanya kazi miaka mingi pasi na mapumziko ya maana. Sasa ameazimia kuichukua nyumba yake yote, pamoja na mama yake mzazi aliyekuja kukaa nao, wakodi mashua ya matanga kwa juma moja katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kule katika bahari ya Karibi. Wataka kwenda katika likizo ya Desemba, siku ambazo Uingereza hushikwa na baridi na jua likachwa mnamo saa kumi alasiri. Bibi aliipenda azma hiyo, na watoto hawalali kwa furaha.

Lakini wenye mashua wamewaletea karatasi ya kujaza. Wataka kujua nahodha ni nani, ameendesha vyombo vya ukubwa gani, wapi, na kwa siku ngapi. Mume amesoma siku chache tu katika chuo cha mashua huko Uingereza, wala hajapata kuwa mkuu wa chombo hata siku moja. Hata hivyo ataka kuandika kwamba ameshika unahodha majuma sita. Mkewe alipomwuliza, alimpa majibu mawili. La kwanza, babu yake alikuwa nahodha wa jahazi huko Lamu, na bahari imo katika damu yao. La pili, wakisema kweli watalazimishwa kuchukua nahodha wa kukodiwa, naye ni mwanamume wa kando atakayelala chomboni pamoja na wanawake wa nyumba. Basi uwongo huu mdogo, asema, ni wa kuilinda sitara yao.

Bibi atuuliza maswali mawili: Je, safari hii ni israfu? Na je, neno la mumewe lina njia?

Swali la kwanza twalijibu kwa ufupi. Kupumzika pamoja na ahli zako ni jambo la halali, na mtu aliyefurahi na watoto wake hakupoteza siku. Israfu haipimwi kwa jina la kitu, bali kwa haki zilizorukwa ili kukipata. Akiwa mtu hana deni lililofika wakati wake, zaka yake ameitoa, fedha ya safari hakuikopa kwa riba, na masurufu ya nyumba yatakuwapo atakaporudi, basi na asafiri kwa moyo mweupe. Akiwa jirani wa mashua yake ni mdai asiyelipwa, hata safari ya kwenda Malindi kwa basi ni israfu kwake.

Swali la pili ndilo zito. Kabla ya kulijibu yafaa msomaji ajue visiwa hivyo ni vya namna gani, na kukodi mashua ni kukodi nini.

Visiwa vya Virgin vya Uingereza ni kiasi cha 60, vikubwa na vidogo. Viko chini ya Uingereza, lakini fedha yake ni dola ya Marekani. Kisiwa kikubwa ni Tortola, na mji wake mkuu ni Road Town; kisha vyafuata Virgin Gorda, Anegada na Jost Van Dyke. Vingi ni vilima vilivyoinuka ghafula kutoka baharini, na mlima Sage wa Tortola wafika mita 523. Anegada peke yake ni tambarare ya matumbawe, na mahali pake palipoinuka zaidi hapafiki mita 9. Kati ya safu mbili za visiwa pana mlango mpana wa bahari uitwao Sir Francis Drake, uliokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Chombo kikitoka kisiwa kimoja, kingine huonekana kwa macho, na mwendo wa baina yao aghalabu ni wa saa mbili au tatu. Kwa sababu hiyo watu wengi wa nchi za baridi huvipenda kwa safari za mashua.

Upepo wake ndugu zetu wa pwani watauelewa upesi, kwani ni mfano wa kaskazi yetu. Tangu Desemba mpaka Machi huvuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, kwa maili 15 mpaka 20 za baharini kwa saa. Katika Desemba na Januari zipo siku upepo huzidi ukafika 25 au zaidi, ukakaa hivyo siku kadhaa. Wenyeji huziita pepo za Krismasi.

Sababu ya pili ya kuchagua siku za baridi ni kuikimbia tufani. Msimu wa tufani huko huhesabiwa tangu tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Tarehe 6 Septemba 2017 ndiyo ikumbukwayo: siku hiyo tufani iliyoitwa Irma ilivipiga visiwa hivyo kwa nguvu za daraja la tano, lililo la juu kabisa, ikabomoa majumba na kurundika mashua juu ya mashua bandarini. Na zamani zaidi, tarehe 29 Oktoba 1867, meli ya barua ya Waingereza iitwayo Rhone ilisukumwa na tufani ikapasuka juu ya mwamba wa kisiwa cha Salt, wakafa watu zaidi ya 100. Mabaki yake yangali chini ya maji, na tangu mwaka 1980 mahali hapo ni hifadhi ya taifa, wazamiaji huenda kupatazama. Meli ile ilikuwa kubwa, ya chuma, na manahodha wake walikuwa watu wa kazi. Mwenye kukodi mashua na akumbuke hayo.

Ama kukodi kwenyewe kuna namna tatu. Ya kwanza ni kupewa chombo kitupu, nawe ukawa nahodha na baharia. Ya pili ni kupewa chombo pamoja na nahodha, umlipe ujira wake kwa siku na kumlisha. Ya tatu ni chombo chenye nahodha na mpishi, ambacho chakula na huduma vimo katika bei. Vyombo vyenyewe hukodiwa kwa juma. Wengi siku hizi wapendelea katamarani, yaani chombo cha miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja. Hakilali upande kama jahazi, basi wazee na watoto hupata raha. Bei hupanda sana tangu mnamo tarehe 20 Desemba mpaka baada ya mwaka mpya. Mwenye watoto wa skuli hana hiari kubwa ya tarehe. Dawa yake ni kuagiza mapema, hata mwaka mzima kabla.

Sasa twarudi kwenye karatasi. Wenye mashua hawaiulizi kwa udadisi. Kwa karatasi hiyo huamua kama chombo chao, na roho zilizomo, vyaweza kutiwa mikononi mwa mtu huyu. Na mume wa bibi huyu asema kwamba damu yamtosha. Na tuitazame damu hiyo mbele ya mambo manne ya bahari ile.

La kwanza ni maboya. Katika bandari za Uingereza, na za pwani yetu pia, chombo kiingiapo kutoka baharini huliacha boya jekundu upande wa kushoto na la kijani upande wa kulia. Katika bara la Amerika na visiwa vyake kanuni hiyo imepinduliwa: jekundu huwa kulia. Aliyesoma siku chache Uingereza, na mjukuu wa nahodha wa Lamu, wote wawili mkono wao utawavuta upande wa mwamba.

La pili ni kujaa na kupwa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Nahodha aliyekwama juu ya fungu hungoja maji yajae yamnyanyue, akashukuru Mungu akaenda zake. Katika visiwa vya Virgin tofauti ya maji haifiki nusu mita. Aliyekwama huko hana maji ya kuyangoja.

La tatu ni miamba. Huko njia husomwa kwa rangi ya maji: buluu ni kina, kijani ni kina kidogo, rangi ya kahawia ni matumbawe. Rangi hizo huonekana jua likiwa juu au likiwa nyuma yako. Likiwa mbele ya macho, bahari yote ni kioo. Ndiyo maana karibu wenye mashua wote hukataza kutembea usiku, na wengi hawamruhusu mteja kwenda Anegada ila kwa idhini yao. Mwamba wa Anegada, uitwao Horseshoe, una urefu wa kiasi cha kilomita 29, na vyombo vilivyovunjika juu yake tangu zamani ni vingi mno.

La nne ni mawimbi ya kaskazini. Katika siku za baridi, dhoruba iliyo mbali katika Atlantiki huleta mawimbi marefu, hata ikiwa mbingu ya visiwani ni safi na upepo ni mwema. Ghuba iliyokuwa shwari wakati wa magharibi yaweza kuwa na mawimbi yanayovunjika ufuoni alfajiri. Mwenye elimu husoma habari za hali ya hewa, akalala upande wa kusini wa kisiwa. Asiye na elimu huamshwa na nanga inayoburura.

Katika mambo haya manne hakuna hata moja lipitalo katika damu. Babu wa Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyajua ya bahari yake kwa sababu alianza utotoni akifuta maji ngamani, akapanda daraja kwa daraja mpaka akashika usukani. Katika majahazi ya zamani ajuaye njia aliitwa mwalimu, na jina hilo ni la elimu, si la ukoo. Ahmad bin Majid, yule mwanabahari mashuhuri wa Julfar wa karne ya 15, baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo kabla yake. Lau damu ingalitosha, asingalikuwa na haja ya kuandika. Naye aliandika sana, mashairi na vitabu, juu ya nyota na pepo na bandari na miamba, ili ajaye baada yake ajifunze. Anayejivunia babu nahodha na amfuate babu katika kujifunza, ndipo atakapokuwa mjukuu wake kweli.

Ama hoja ya sitara, hiyo yataka jibu la upole, kwani asili yake ni njema. Mume kuwaonea wivu watu wa nyumba yake si aibu. Lakini na aitazame vizuri amali anayoitenda. Watu sita watapanda chombo hicho: mama mzee, mke, watoto watatu, na yeye. Watano kati yao hawakutia sahihi karatasi ile, nao watalala usiku wakiamini kwamba aliye juu yao ajua kazi. Hiyo ni amana. Uwongo wa karatasi hauwahadai wenye mashua peke yao. Wawahadai hao watano, na wao ndio aliosema awalinda. Sitara ya kwanza ya nyumba ni uhai wa watu wake. Mama akitolewa majini usiku na watu asiowajua, nguo zake zimerowa, wajukuu wake wakilia, sitara gani iliyobaki?

Na hata duniani uwongo huo haufiki mbali. Wenye mashua humjaribu mteja kabla ya kumwachia chombo: amfungue kamba, amzungushe, amtie nanga. Wakimwona hajui, humtia nahodha kwa gharama yake mwenyewe, mbele ya watoto wake. Akipenya, kisha chombo kikavunjika, ile karatasi itakuwa shahidi juu yake, na dhamana aliyoitegemea yaweza kukataliwa kwa sababu alisema yasiyokuwa. Tena lipo dogo lililo kubwa: watoto wataijua habari hii siku moja. Watakuwa wamefundishwa na baba yao kwamba mtu akiwa na nia njema huandika apendavyo.

Basi tusimwache ndugu yetu bila ya njia, kwani njia zipo, na zote ni safi.

Njia ya kwanza ni kuuliza kama yupo nahodha mwanamke. Wapo wanawake wenye vyeti na uzoefu katika kazi hiyo, na kuuliza hakugharimu kitu.

Njia ya pili ni kuchagua chombo kwa kukitazama ramani yake ya vyumba. Katika katamarani nyingi pana chumba kidogo omoni, chenye mlango wake juu ya sitaha, kisichoungana na vyumba vya jamaa. Nahodha hulala huko, huingia na kutoka bila ya kupita ndani. Waandikieni wenye mashua tangu mwanzo kwamba ninyi ni nyumba ya Kiislamu, kwamba wanawake hukaa ndani saa fulani, na kwamba nahodha abishe hodi kabla ya kushuka. Nahodha wa kazi husafiri na watu wa kila dini, na haya si mageni kwake. Hesabuni pia kula yake na ujira wake katika bajeti, si kuvishtukia bandarini.

Njia ya tatu ni kuchukua nahodha kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Wenye mashua wengi huikubali. Mume ashike usukani, nahodha akae kando amsahihishe. Mwishoni mwa siku hizo nahodha ndiye atakayesema kama waweza kuachwa peke yao. Akisema ndiyo, sifa hiyo ni ya kweli na yaweza kuandikwa katika karatasi ya mwaka ujao. Akisema bado, amewaokoa.

Njia ya nne ni kungoja. Huko huko Uingereza pana cheti cha Day Skipper cha Royal Yachting Association, na masomo yake ya baharini ni ya siku tano. Apate cheti, kisha atembee na wenzake waliomtangulia mpaka mkono uzoee. Mwaka mmoja si mrefu kwa mtu aliyengoja miaka mingi.

Baada ya hayo, yapo ya nyumba yenyewe, na haya twayaeleza kwa faida ya wasomaji wote wanaokusudia safari kama hiyo.

Pasipoti. Ndege nyingi za kwenda Tortola hupitia Antigua, au San Juan iliyo katika Puerto Rico, chini ya Marekani. Apitaye San Juan hana budi kuwa na ruhusa ya kuingia Marekani, hata kama ni kupita tu. Katika nyumba moja watoto huweza kuwa na pasipoti ya Uingereza na bibi yao ya Kenya. Basi kila mmoja na aulizwe habari zake peke yake kabla ya kulipia tikiti. Vile vile kisiwa cha Saint John, kinachoonekana karibu, ni cha Marekani. Msivuke kwenda huko kwa sababu tu ni karibu.

Chakula. Kabla ya safari huletwa orodha ya kuagiza vyakula. Someni mstari kwa mstari, kwani mara nyingine huwekwa pombe kama zawadi ya kumkaribisha mgeni. Andikeni kwamba hamtaki iingie chomboni. Mchele, dengu, mayai, mboga na samaki vyatosha kwa juma zima, na mama mkwe ajua kuvigeuza kuwa karamu.

Samaki. Mgeni haruhusiwi kuvua huko bila ya kibali cha serikali. Tena samaki wakubwa wa miambani, khasa mzia, huweza kuwa na sumu iitwayo siguatera. Haionekani, hainuki, wala haiondoki kwa kupikwa. Waulizeni wenyeji, na mnunue kwao.

Maji. Maji matamu ya chombo ni ya tangi, nayo yana mwisho. Hapa sunna yenyewe yatusaidia, kwani imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na kuoga josho kwa pishi. Na alipoulizwa juu ya maji ya bahari alijibu kwamba yatwahirisha. Basi watoto na watawadhe kwa maji ya chumvi katika ngazi ya tezi, chombo kikiwa kimetia nanga. Hawatausahau udhu huo maisha yao.

Sala. Chombo kikiwa katika mwendo hugeuka kila mara, na kibla hupotea. Pangeni safari ili adhuhuri iwakute mmesimama na alasiri mmekwisha kufunga. Jua huchwa huko katika Desemba mnamo saa kumi na mbili kasoro robo, nayo ile sharti ya kutotembea usiku itawafikisheni magharibi mkiwa mmetulia. Hukumu za kupunguza na kukusanya sala muulizeni sheikh wenu kabla ya kutoka. Kibla cha kutoka huko si kaskazini kama Mombasa, wala kusini-mashariki kama London. Ni kiasi cha digrii 65 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Nayo ni hikima ya kupendeza, kwani chombo kilichotia nanga huelekeza omo yake penye upepo, na upepo wa siku hizo hutoka karibu na upande huo huo. Lakini msiutegemee upepo. Tazameni dira, mkikumbuka kwamba sindano ya sumaku huko hupotoka zaidi ya digrii 10 kwenda magharibi. Mtoto mkubwa na apewe kazi hiyo ya kukitafuta kibla kila jioni.

Watoto. Kila mtoto awe na jaketi ya kujiokolea inayomkaa mwilini, ajaribiwe siku ya kwanza, asipande sitaha wala kihori bila ya kuivaa. Kihori cha mashine si mchezo. Mtoto asikiendeshe, wala asiogelee karibu na rafadha. Ufuoni wakatazeni kula tunda lolote wasilolijua, au kujikinga mvua chini ya mti wasioujua, kwani uko mti uitwao manchineel ambao tunda lake ni kama tofaa dogo, na utomvu wake huunguza ngozi.

Ama njia yenyewe, msiijaze. Siku ya kwanza vukeni mlango mwende kisiwa cha Norman. Ya pili piteni kisiwa cha Salt, mwatazame watoto mahali ilipopasukia Rhone, mwalale Cooper. Ya tatu Virgin Gorda, penye majabali makubwa yaitwayo The Baths, ambayo bahari huingia katikati yake ikafanya vyumba vya maji. Fikeni asubuhi, na mawimbi ya kaskazini yakiwapo piteni bila ya kusimama. Ya nne pumzikeni katika ghuba ya North Sound. Anegada ni ya siku ya tano, kwa nahodha tu. Ya sita na ya saba rudini taratibu upande wa Jost Van Dyke na Tortola, upepo ukiwa nyuma yenu. Nanga tieni penye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe; penye maboya ya kufungia, lipeni ada mfunge.

Sasa twasema nawe, bibi yetu uliyetuandikia. Usimwite mumeo mwongo, wala usimzungumze mbele ya watoto au mbele ya mama yake. Mngoje atulie usiku, umwulize swali moja tu: "Baba fulani, upepo ukigeuka saa nane ya usiku, nanga ikaburura, na mama yako na wanao wamelala, utaanza na lipi?" Akikujibu hatua kwa hatua, mshukuru Mungu, umwambie ayaandike hayo hayo aliyoyafanya kweli. Akinyamaza, usimjazie maneno. Mpe karatasi na kalamu, na umwoneshe njia zile nne. Mtu anayeipenda nyumba yake kiasi cha kutaka kuificha na macho ya watu hatashindwa kuipenda kiasi cha kuandika, "Sijapata kuwa nahodha, twahitaji msaada."

Mstari huo mmoja utawapunguzia fedha kidogo, na utawaongezea usingizi usiku. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama, nyinyi na kila mwenye kusafiri baharini. Wabillahi tawfiq.